Kitimoto twala sote, kinyesi cha nani?

Ilikuwa Jumapili ya masika mwaka 2021, saa moja asubuhi. Nimevaa mabuti ya mvua, mpira wa maji mkononi, naosha banda la nguruwe huku napiga mluzi. Mara geti likagongwa. Kufungua, namkuta mzee jirani yangu wa upande wa bondeni, yule yule aliyeniuzia kiwanja hiki. Ni mtu wa msikitini, na tangu nilete nguruwe wa kwanza hakuwahi kukanyaga kwangu. Sikumlaumu. Tulikuwa tukisalimiana barabarani, basi.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akatua ndoo ndogo aliyokuja nayo. "Haya ni maji ya kisima changu. Kunywa."

Nikayatazama. Kwa macho yalikuwa safi. Nilipoinama ndipo nikaisikia harufu. Haikuwa kali, lakini jamani, harufu ya banda langu naijua hata nikiwa usingizini. Sikunywa.

"Basi mimi nina kijukuu cha miezi minne mle ndani," akasema. "Mama yake karudi kazini, mtoto ananyonya chupa. Maziwa yake ya kopo yanakorogwa kwa maji haya haya." Akageuka, akashuka zake taratibu. Ndoo akaniachia.

Siku hiyo sikwenda popote. Wengine tukipigwa na aibu tunakuwa wakali, wengine tunakimbilia daftari. Mimi nikachukua daftari.

Kesho yake niliyapeleka maji yale maabara. Majibu yalipotoka, kitu kinachoitwa naitreti kilikuwa karibu mara mbili ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 50 kwa lita. Kijana wa maabara akaniuliza kama kuna mtoto mchanga nyumbani. Nikamwambia yuko kwa jirani, lakini bibi yake ni makini, anachemsha maji mpaka yanatokota. Akatikisa kichwa. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi naitreti. Maji yanapaa kwa mvuke, naitreti inabaki sufuriani, na yale maji yaliyosalia yanakuwa mazito kuliko mwanzo. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6, naitreti nyingi huizuia damu isibebe hewa ya oksijeni inavyopaswa. Mtoto anaanza kubadilika rangi, midomo na kucha vinakuwa vya bluu, na asipowahishwa anaweza kufa.

Kijukuu yule, namshukuru Mungu, hakuwa amefika huko. Jioni ile ile nilinunua simtanki la lita 1000, nikaliweka uani kwa mzee na kulijaza maji ya bomba. Hiyo ndiyo gharama ya kwanza katika daftari langu, na ndiyo pekee ambayo sikujiuliza mara mbili.

MFUKO MMOJA TUMBONI, MIWILI MTARONI

Sasa tuje kwenye hesabu, maana wafugaji wenzangu wengi hatuzijui, na si kwa ubaya. Tunahesabu vichwa, tunahesabu kilo za nyama, tunahesabu pumba. Kinachotoka nyuma hatukihesabu.

Nguruwe mmoja, tangu aachishwe ziwa hadi afike sokoni, anakula karibu kilo 250 za chakula. Ukimpa mchanganyiko wenye protini asilimia 16, amekula kilo 40 za protini. Ndani yake mna naitrojeni kama kilo 6 na nusu. Ndiyo inayojenga nyama, na ndiyo iliyotufanya tukanunua dagaa, soya na mashudu kwa bei ya kuruka. Lakini mwili wa nguruwe unabakiza theluthi moja tu. Theluthi mbili, yaani zaidi ya kilo 4, zinatoka, na nyingi zinatoka kwenye mkojo.

Isome tena taratibu, ndugu msomaji. Mifuko 3 ya chakula cha protini niliyolipia kwa jasho, mmoja unaingia mwilini, miwili naisukuma mtaroni kwa mpira wa maji huku napiga mluzi!

Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Kwa hiyo nguruwe 5 au 6 wanamwaga mfuko mzima wa urea. Wakati ule nilikuwa na nguruwe wa kunenepesha 26 kwa mkupuo, na mikupuo 2 kwa mwaka. Piga hesabu: karibu mifuko 10 ya urea kila mwaka, hatua 30 juu ya kisima cha mzee, bila kuwagusa majike. Ni kweli, sehemu inapaa hewani, ndiyo ile harufu inayowasha macho. Lakini kilo 4 tu za nguruwe mmoja, zikizama zote ardhini na kugeuka naitreti, zinatosha kufikisha lita 350,000 za maji safi kwenye kile kiwango cha mwisho. Hizo ni simtanki 350 kama lile nililompelekea mzee. Kwa nguruwe mmoja!

Fosforasi nayo ina visa vyake. Katika mahindi na pumba, sehemu kubwa ya fosforasi imefungwa kama pesa kwenye sanduku, na nguruwe hana ufunguo. Inaingia, inatoka. Mfugaji akiona mifupa ya nguruwe haikazi, anaongeza unga wa mifupa au madini ya dukani, na nyingine inatoka vile vile. Mvua ikiipeleka mtoni au ziwani, inalisha mwani. Maji yanageuka kijani, ule mwani ukifa na kuoza unamaliza oksijeni, na samaki wanaelea tumbo juu.

KAMBAKOCHI WALIOTIKISA SERIKALI

Nikajiuliza, wakubwa wanaofuga kwa mamilioni wanafanyaje? Mkubwa mmojawapo ni Denmark, nchi ya watu takribani milioni 6 ambayo kila mwaka inazalisha nguruwe zaidi ya mara 4 ya watu wake.

Oktoba 1986 wavuvi wa bahari ya Kattegat walivuta nyavu, wakakuta kambakochi waliokufa. Maji ya chini yalikuwa yamekosa oksijeni, na mbolea kutoka mashambani ilikuwa mmoja wa wachawi wakuu. Picha za wale kambakochi zikaonyeshwa kwenye televisheni, nchi nzima ikapiga kelele. Mwaka uliofuata, 1987, bunge lao likapitisha mpango wa kupunguza naitrojeni inayoingia majini kwa nusu, na fosforasi kwa asilimia 80.

Hawakuanza na mitambo ya ajabu. Walianza na mambo ambayo hata bibi yangu angeyaelewa. Mfugaji ajenge tangi la kutunzia samadi miezi ya baridi, aitawanye shambani wakati mimea inakula, siyo wakati imelala. Kila shamba liwe na hesabu ya mbolea, na ile ya nguruwe ihesabiwe kama mbolea kweli, usije ukamwaga samadi halafu ukanunua ya viwandani juu yake. Na chakula kipimwe. Nguruwe apewe protini inayomtosha, pamoja na kirutubisho kinachoitwa laisini, badala ya kurundikiwa dagaa. Kila pointi moja ya asilimia unayopunguza kwenye protini, naitrojeni inayotoka nyuma inapungua kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kwa fosforasi kuna kimeng'enya kinachoitwa faitesi, kilichoanza kuuzwa mwaka 1991. Ndicho ule ufunguo wa sanduku. Baadaye Denmark ikaweka kodi ya kroner 4 kwa kila kilo ya fosforasi ya madini inayoongezwa kwenye chakula cha mifugo. Wafugaji wakaona bora ufunguo kuliko kodi.

Matokeo? Katika miaka kama 20, naitrojeni inayoingia baharini ilishuka kwa karibu nusu, na wakati huo huo idadi ya nguruwe waliozalishwa ilipanda. Mfugaji hakufilisika, kwa sababu sehemu kubwa ya nusu ile ilikuwa mali yake mwenyewe iliyokuwa ikipotea.

Ila msishangilie bado. Nusu ya kwanza ilikuwa ya bei poa. Nusu ya pili ndiyo kimbembe. Aprili 2024, katika mji wa Vejle, watu walikusanyika kufanya mazishi ya ghuba yao, na hotuba za kumuaga marehemu zikatolewa, kwa kuwa maji yale hayajapona. Novemba mwaka huo wanasiasa wao wengi wakakubaliana kutenga kroner bilioni 43, ambazo pamoja na mambo mengine zitanunua mashamba yageuzwe kuwa misitu na mbuga. Hapo hakuna tena cha kuokota mtaroni. Hapo ni kulipa tu.

SAFI LAKINI GHALI

Wamarekani wa jimbo la North Carolina walifika kwenye ukuta huo huo, wao wakakaa chini yake. Nguruwe wao waliongezeka kutoka chini ya milioni 3 mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi karibu milioni 10 miaka kumi baadaye. Kinyesi kinakaa kwenye mabwawa ya wazi, kisha kinarushwa mashambani kwa mabomba. Ndiyo njia rahisi kuliko zote. Juni 1995 kingo za bwawa moja zikabomoka, galoni milioni 25, sawa na lita karibu milioni 95, zikaingia mto New River na samaki wakafa kwa maelfu.

Mwaka 2000 Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo, Mike Easley, alitiliana mkataba na kampuni kubwa ya nguruwe, Smithfield. Kampuni itoe dola milioni 15 za utafiti wa njia bora kuliko mabwawa, na njia ikipatikana iliyo safi na inayowezekana kiuchumi, itumike. Angalieni hayo maneno mawili ya mwisho. Hadi mwaka 2006 njia 5 zilikuwa zimepatikana ambazo ni safi. Lakini kwa mashamba yaliyokwishajengwa, zote zilionekana ghali mno. Mwaka 2007 sheria ikazuia mabwawa mapya. Ya zamani yapo hadi leo.

Ghali kwa nani? Hilo ndilo swali. Majirani wengi wa mashamba yale ni watu wa hali ya chini, na wengi ni weusi. Kwa miaka wamelipa kwa harufu, nzi na nguo zisizoweza kuanikwa nje. Mwaka 2018 walishinda kesi kadhaa mahakamani. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikakubali kwamba kampuni inawajibika, ingawa ilitaka fidia ya adhabu iangaliwe upya, na kampuni ikaona bora wamalizane. Kumbe gharama ilikuwepo siku zote, ila ilikuwa imeandikwa kwenye daftari la mtu mwingine.

Kanada nako walijaribu njia ya mkato. Chuo Kikuu cha Guelph mwaka 1999 kilipata nguruwe aliyebadilishwa vinasaba, mate yake yanatengeneza faitesi yenyewe, na fosforasi kwenye kinyesi ikapungua kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2012 fedha za mradi zikakatika, na nguruwe wote wakauawa. Kimaabara alifanya kazi. Sokoni nani angemla?

DAFTARI LANGU

Mimi sina dola milioni 15. Nilianza na chakula, kama Wadenmark. Kumbe nilikuwa nawapa nguruwe wa kilo 70 mchanganyiko ule ule wa vitoto! Nikatenganisha. Wakubwa nikawashushia protini kutoka asilimia 16 hadi 14, dagaa kidogo, pumba zaidi. Kwa bei nilizonunulia, nilibakiwa na sh. 9,000 kwa kila nguruwe. Kwa nguruwe 52 wa mwaka, ni sh. 468,000. Nao walikua vile vile.

Pili, nikaacha mpira wa maji. Kijana wangu wa banda sasa anazoa kwa koleo kwanza, kisha anafuta kwa maji kidogo. Nikaweka mifereji ya paa kwa sh. 210,000 ili mvua isipite bandani, na vumbi la mbao sakafuni linywe mkojo. Maji ndiyo adui wa biashara hii. Samadi ya nguruwe yenyewe ni maji zaidi ya asilimia 90. Ukiongeza mengine kwa mpira, tani moja inabeba nusu ya mbolea kwa nauli ile ile ya Canter. Kavu iliyochanganyika na vumbi la mbao, nikiirundika na kuigeuza ichemke na kuiva vizuri (mbichi usiiweke kwenye mboga, kuna minyoo), inauzika. Walima bustani wa bondeni wananunua gunia kwa sh. 2,000, na kwa mwezi nauza magunia kama 15. Hiyo ni sh. 360,000 kwa mwaka.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza nilipunguza uchafu na nikaingiza pesa. Nilijiona bingwa. Masika ya 2022 nikaenda kwa mzee kuchukua maji ya kupima. Naitreti ilikuwa imeshuka kidogo tu, bado juu ya 50. Maji ya ardhini hayana haraka. Uliyoyazamisha kwa miaka 6 hayatoki kwa msimu mmoja, na mkojo uliobaki ulikuwa bado unapenya kwenye shimo langu la udongo.

Zilizobaki zilikuwa dawa 2. Ya kwanza ni kujenga shimo la zege lenye mfuniko. Fundi akapiga saruji, nondo, kokoto na ujira, ikafika sh. 1,900,000. Ya pili ni kupunguza nguruwe, kwa sababu kiwanja changu hakina shamba la kunywa samadi yote. Kutoka 26 hadi 16 kwa mkupuo ni nguruwe 20 pungufu kwa mwaka. Faida yangu ni kama sh. 60,000 kwa kila mmoja. Hapo nimeaga sh. 1,200,000 kila mwaka, na hakuna gunia la samadi litakalozirudisha.

Nikaona nimwendee mteja wangu mkubwa, mwenye jiko la kitimoto, anipandishie bei kidogo. Nikamweleza habari ya kisima na mtoto. Alinisikiliza vizuri tu, huku anageuza nyama kwenye karai. Mwisho akasema, "Bosi, nakuelewa. Lakini mteja wangu akitafuna, kisima cha mzee wako atakionja wapi? Ukinipandishia nachukua kwa jirani yako." Na hakuwa na ubaya wowote. Kilo ya kitimoto ina bei ya pumba, ya dawa, ya nauli na ya ndizi za kuchoma. Bei ya kisima haimo.

Hapo ndipo nilipowaelewa Wadenmark. Mfugaji mmoja hawezi kupandisha bei peke yake. Akijitia wema wa ziada, sokoni anapigwa chenga na yule anayemwaga mtoni usiku. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inayo kanuni ya mchafuzi kulipa. Lakini kanuni ni ya vitabuni mpaka siku afisa atakapogonga mageti yote ya mtaa, si la mwenye jirani mkali peke yake. Shimo la zege likiwa lazima kwa kila banda, gharama yake itaingia kwenye bei ya nyama, na sisi wala kitimoto tutailipa kidogo kidogo bila hata kujua. Lisipokuwa lazima, ataendelea kuilipa mtu mmoja, naye hali nguruwe.

Nusu ya kwanza, wafugaji wenzangu, msisubiri afisa. Koleo, mifereji ya paa na mizani ya chakula ni pesa zenu wenyewe mnazozizoa. Nusu ya pili sitawadanganya kwamba inalipa. Mimi nililijenga lile shimo mwaka 2023 na nguruwe nikawapunguza, na hesabu yangu ya mwaka ule ni nyekundu kama damu. Nilifanya hivyo kwa sababu naijua sura ya aliyekuwa akinilipia.

Yule kijukuu sasa anakimbia, anawarushia nguruwe wangu mawe kupitia wigo. Mzee bado hajakanyaga bandani, ila kila masika tunateka maji pamoja, yeye anashika kamba, mimi nashika chupa ya maabara. Mara ya mwisho naitreti ilikuwa imekaribia 50 kwa juu, haijashuka chini yake. Nilipotoa pesa ya kipimo akanisukumia nusu yake mkononi. Nikakataa, nikamwambia, Mzee, kosa ni langu.

"Kosa lako, kisima changu," akasema. "Na mimi nataka risiti yangu."